Lowassa alijiuzulu, lakini hakujieleza

Februari 7, 2008, Edward Lowassa alisimama bungeni Dodoma akiwa Waziri Mkuu. Alipokaa, nchi nzima ilikuwa imeshajua kwamba cheo kimemtoka. Siku moja kabla, Dk. Harrison Mwakyembe alikuwa amesoma mbele ya wabunge ripoti ya Kamati Teule kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond, na ripoti ile haikumung'unya maneno. Lowassa alilalamika kwamba kamati imemhukumu bila kumwita wala kumhoji. Akasema amepima, ameona kinachotafutwa ni uwaziri mkuu, basi amemwandikia Rais barua ya kuuachia. Mawaziri wawili waliowahi kuiongoza Wizara ya Nishati, Nazir Karamagi na Dk. Ibrahim Msabaha, nao wakaondoka. Baraza la Mawaziri likavunjika. Ndani ya siku mbili Mizengo Pinda akawa Waziri Mkuu mpya.

Tangu siku ile tumekuwa tukilisifu tendo lile kwa neno moja: amewajibika. Na alipofariki Februari 10, 2024, sifa ile ilirudi katika salamu nyingi za rambirambi. Sina ugomvi nayo. Katika nchi ambayo kiongozi huning'inia kwenye kiti hadi ang'olewe, mtu anayeandika barua mwenyewe anastahili heshima yake. Ila kila ninapoirudia safari ya kisiasa ya Mzee Lowassa, kutoka Wizara ya Ardhi miaka ya tisini hadi alipozikwa Monduli, naona pengo lilelile likijirudia. Alikuwa hodari wa kuamua na mgumu wa kujieleza. Naamini pengo hilo ndilo lililomnyima urais, kuliko hila za mahasimu wake, na ni ugonjwa ambao viongozi wetu wa leo wameurithi bila kurithi uhodari wake.

Mwezi huohuo wa Februari 2024, siku ya 29, tulimpoteza pia Mzee Ali Hassan Mwinyi. Waliozikwa ndani ya mwezi mmoja walikuwa wawili ambao historia yetu inawakumbuka kwa kujiuzulu. Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani pale vyombo vya dola vilipowatesa na kuwaua raia Shinyanga katika msako wa waliotuhumiwa kwa mauaji ya kishirikina. Yeye hakumpiga mtu, wala hakuagiza mtu apigwe. Mwaka 1977 alijiuzulu, akieleza kwamba yaliyotendeka yametendeka chini ya dhamana yake. Akapelekwa ubalozi Misri. Mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na mwaka uliofuata akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano.

Mmoja alipanda, mwingine hakupanda tena. Najua nyakati zao hazikufanana: Mwinyi aliishi chini ya chama kimoja na Mwalimu aliyemwamini, Lowassa aliishi kwenye ushindani, magazeti mengi na maadui wengi zaidi. Lakini barua ya Mwinyi ilibeba mzigo. Ya Lowassa iliurudisha mzigo kwa waliomtwisha. Mwananchi aliyemsikiliza Mwinyi alijua waziri amekubali nini. Aliyemsikiliza Lowassa alibaki na swali: kama hukukosea, unaondoka kwa nini, na kama ulikosea, ulikosea wapi?

Kumhukumu kwa Richmond peke yake, hata hivyo, ni kumwonea. Tuanze na jambo ambalo hata wapinzani wake walikuwa wakilitaja kwa heshima, shule za kata.

Alipoapishwa mwishoni mwa Desemba 2005, maelfu ya watoto waliofaulu darasa la saba walikuwa hawana pa kwenda kwa sababu tu madarasa hayakutosha. Mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulikuwapo tangu 2004, enzi za Rais Mkapa, kwa hiyo wazo halikuwa lake. Msukumo ndio uliokuwa wake. Aliwageukia wakuu wa mikoa na wilaya, akawataka kila kata iwe na sekondari, akawapa muda, kisha akawa anafuatilia. Wananchi wakachangishwa, wakafyatua matofali, wakasomba mchanga na mawe. Mwaka 2005 nchi ilikuwa na sekondari 1,745. Mwaka 2007 zilikuwa 3,485. Kwa miaka miwili tu idadi ilikuwa karibu mara mbili ya ile iliyochukua zaidi ya miongo minne ya uhuru kufikiwa.

Anayesema hilo ni jambo dogo hajui maana ya binti wa darasa la saba kijijini kuambiwa kwamba shule ipo, na anaweza kwenda kwa miguu na kurudi nyumbani jioni.

Lakini majengo yalitangulia, walimu wakafuata kwa kuchechemea. Vijana waliomaliza kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache na leseni ya kufundisha, na mitaani wakabatizwa jina la walimu wa voda fasta. Maabara hazikuwepo, hata Rais Kikwete akalazimika kutoa agizo la kitaifa la kuzijenga miaka mingi baadaye. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata sifuri. Waziri Mkuu Pinda akaunda tume kuchunguza kilichotokea. Wakati huo aliyeziasisi shule hizo kwa kasi alikuwa mbunge wa kawaida, na kitu ambacho ningependa kukisikia kutoka kwake hakikuja: maelezo ya wazi kwamba tuliamua kuanza na kuta, tulijua walimu watachelewa, na hii ndiyo sababu tuliona ni heri shule isiyo na mwalimu wa fizikia kuliko mtoto asiye na shule.

Hoja hiyo ina nguvu. Mimi binafsi naikubali. Elimu bila malipo hadi kidato cha nne iliyoanza Januari 2016 isingewezekana hata kidogo bila majengo yale, maana watoto wangesamehewa ada ya shule ambazo hazipo. Ila kiongozi akikaa kimya juu ya gharama ya uamuzi wake mzuri, wengine watamwandikia hesabu, nao hawaandiki upande wa mapato.

Kasi ileile ilikuwapo kwenye maji. Akiwa Waziri wa Maji, Mei 2005, ndiye aliyetangaza kwamba Serikali inavunja mkataba na City Water, kampuni iliyokuwa imekabidhiwa maji ya Dar es Salaam na ikashindwa. Uamuzi ulikuwa sahihi, na baadaye mabaraza ya usuluhishi ya kimataifa hayakuiamuru Tanzania ilipe fidia. Lakini lile la ICSID, kituo cha Benki ya Dunia cha kusuluhisha migogoro ya uwekezaji, katika hukumu yake ya mwaka 2008, lilisema Tanzania ilikiuka mkataba wa kulinda uwekezaji kwa namna ilivyoiondoa kampuni, ikiwemo jinsi waziri alivyolitangaza jambo lile hadharani. Tuliokoka kwa sababu kampuni ilikuwa imeshajifilisi yenyewe. Upande wa pili wa sarafu hiyo ni bomba la maji ya Ziwa Victoria kwenda Kahama na Shinyanga, mradi alioupigania wakati Misri ikiishikilia mikataba ya Mto Nile iliyoandikwa na wakoloni. Maji yale yanatoka bombani leo. Waliokuwa wakichota visima vya tope pamoja na ng'ombe hawahitaji makala kuambiwa Lowassa alifanya nini.

Tabia hiyohiyo ndiyo iliyoingia katika ukame wa 2006. Mabwawa yalikauka, Mtera ikabaki tope, mgawo wa umeme ukaua biashara za watu. Waziri Mkuu alihangaika kila upande, hata akaenda kutazama teknolojia ya Thailand ya kutengeneza mvua. Wengi walicheka. Mimi sikuona cha kuchekesha, kwa sababu mtu mwenye nchi gizani anatafuta popote. Mkataba wa kuzalisha megawati 100 za dharura ukaenda kwa Richmond, kampuni ya Texas ambayo Kamati Teule ilikuja kueleza kwamba haikuwa na uzoefu, mtaji wala uwezo wa kazi ile. Mitambo haikuja kwa wakati. Mkataba ukahamishiwa kampuni nyingine, Dowans, kabla mwaka haujaisha, na Dowans nao, baada ya shirika la umeme, TANESCO, kuuvunja, wakatushinda kwenye usuluhishi mwaka 2010. Kamati ilisema ofisi ya Waziri Mkuu iliingilia mchakato wa kumpata mzabuni. Lowassa alikana hadi mwisho, na hakuna mahakama iliyowahi kumtia hatiani, wala hakushtakiwa. Haki inatudai tuliseme hilo kwa sauti ileile tunayosemea tuhuma.

Hapa ndipo ninapomlaumu. Kasi hainisumbui, dharura ni dharura, na waziri mkuu anayengoja taratibu zote huku hospitali hazina umeme hafai. Kinachoniuma ni miaka saba iliyofuata. Kutoka 2008 hadi 2015 alikuwa mbunge. Alikuwa na kiti, kipaza sauti, kinga ya bunge na watu waliotaka kumsikia. Chama chake, CCM, kilikuja mwaka 2011 na kaulimbiu ya kujivua gamba, yaani kuwaondoa viongozi wenye tuhuma za ufisadi, na kila mtu alijua gamba linalosemwa ni nani. Hakutoa maelezo kamili. Wapenzi wake walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo uliposikika, Julai 28, 2015, siku alipojiunga na chama cha upinzani cha Chadema, ulikuwa kuwaambia wenye ushahidi waende mahakamani, na kudokeza kwamba yaliyofanyika yalitokana na maelekezo ya mamlaka ya juu yake, bila kutaja jina. Kidokezo cha namna hiyo kinachafua wote na hakimsafishi yeyote. Kama ulikuwa ukweli, mahali pake palikuwa Bunge, Februari 2008. Umma ungeupokea, na pengine hatima yake ingekuwa nyingine.

Tuwe wakweli, hakuwa peke yake katika kufunika. Dk. Mwakyembe mwenyewe aliwahi kusema kuna mambo kamati iliyaacha ili kulinda heshima ya Serikali. Yaani mshtakiwa alinyamaza, na mwendesha mashtaka naye akabakiza maneno mfukoni. Mficha uchi hazai. Nchi iliyobakiza nusu ya habari ya Richmond ilikutana na kashfa ya fedha za akaunti ya Escrow ya Tegeta mwaka 2014, sekta ileile ya nishati, na Mwanasheria Mkuu na mawaziri wakaondoka kwa mtindo uleule. Kabla yake, Desemba 2013, mawaziri wanne walikuwa wameng'oka kwa ukatili wa Operesheni Tokomeza, msako wa majangili. Kila mara mtu anaondoka, bunge linapiga makofi, jalada linafungwa. Kujiuzulu kumegeuka kifuniko cha chungu wakati kilichomo kinaendelea kuchemka.

Ukimya wa Lowassa ulikuwa na mzizi wa zamani. Mwaka 1995 yeye na Jakaya Kikwete walipanda ndege moja kwenda Dodoma kuchukua fomu za kuomba urais, vijana wawili waliojiamini. Kikwete alifika tatu bora na kushindwa na Mkapa kwenye duru ya mwisho. Jina la Lowassa halikufika huko, na simulizi ambayo haijawahi kufutika ni kwamba Mwalimu Nyerere alihoji utajiri wake. Mwanasiasa mwingine angekwenda mbele ya watu kuhesabu alichonacho na alivyokipata. Yeye alichagua kujenga marafiki. Mtandao ulioundwa baada ya pale ulikuwa kazi ya miaka kumi, wilaya kwa wilaya, mjumbe kwa mjumbe, na mwaka 2005 ulimwingiza Kikwete Ikulu kwa zaidi ya asilimia 80 ya kura.

Mtandao ulikuwa na shabaha moja, kumfikisha mtu, na mtu akishafika haukuwa na kazi nyingine. Haukuwa na sera yake wala kanuni ambayo ungesimama nayo pale mkubwa anapoguswa. Ndiyo maana Julai 2015, wajumbe wa Halmashauri Kuu walipomwimbia mwenyekiti wao usoni kwamba wana imani na Lowassa, wimbo haukubadili kitu. Kamati Kuu ilikuwa imeshalikata jina. Watano waliobaki walikuwa wengine, na John Magufuli, ambaye hakuwa na mtandao wa kutisha, akaibuka mgombea. Marafiki wanajaza ukumbi. Kikao chenye kalamu hakiamuliwi na ukumbi.

Alipohamia Chadema alikwenda na watu wake, lakini aliingia nyumba iliyokuwa imejengwa juu ya tuhuma dhidi yake. Septemba 2007, pale Mwembeyanga, Dar es Salaam, Dk. Willibrod Slaa, Katibu Mkuu wa Chadema, alikuwa amemsoma katika orodha ya mafisadi. Slaa akaachana na siasa za chama. Profesa Lipumba akajiuzulu uenyekiti wa CUF. Upinzani ulipata kura ambazo haujawahi kuzipata: 6,072,848, karibu asilimia 40, wakati Slaa mwaka 2010 alipata asilimia 27. Halmashauri za majiji makubwa zikaenda Ukawa, umoja wa vyama vya upinzani uliomsimamisha. Watu walideki barabara kumpokea. Nadhani, na hili ni wazo langu, kwamba baadhi ya vijana waliokuwa wakipokezana ule wimbo wa mabadiliko na jina lake walikuwa wanafunzi wa mwanzo wa shule za kata, ambao mwaka 2015 walikuwa wameshafikia umri wa kupiga kura.

Kampeni ile ilimpa majukwaa makubwa kuliko yote ya maisha yake, na hotuba zake zikawa fupi mno. Afya ilisemwa, na mtu mgonjwa haombwi asimulie. Lakini hata wenzake waliozunguka naye hawakuifanya kazi ya kueleza, na Magufuli, akitokea chama kilekile kilichosaini Richmond, akaichukua hoja ya ufisadi mikononi mwa upinzani na kuishi nayo miaka mitano. Kura zilipanda, hoja ikapotea, na hadi leo sioni kama upinzani umeirudisha mikononi mwake.

Kuna kimya kimoja cha Lowassa ambacho nakiheshimu kwa moyo wote. Matokeo ya Oktoba 2015 aliyakataa, akasema yeye ndiye mshindi. Katiba yetu haimruhusu mgombea kuyapinga matokeo ya urais mahakamani, kwa hiyo mlango wa sheria ulikuwa umefungwa na wa barabarani ulikuwa wazi. Alikuwa na mamilioni ya watu wenye hasira. Hakuwaita. Akawaambia watulie. Majirani zetu wa Kenya walikuwa wameshatuonyesha baada ya uchaguzi wa 2007 jinsi neno moja la kiongozi linavyoweza kugharimu watu zaidi ya elfu moja. Kijana aliyerudi nyumbani kwake salama wiki ile, na leo ana watoto, ana deni la shukrani kwa Lowassa hata kama hakumpigia kura. Huo ndio uongozi wake wa juu kabisa kwa maoni yangu, juu ya shule na juu ya maji.

Kisha akarudi kwenye mtindo wake. Januari 2018 alikwenda Ikulu, akamsifu Magufuli. Machi 1, 2019 akarudi CCM na kusema amerudi nyumbani. Mzee wa miaka 65 ana haki ya kurudi anakotaka. Lakini waliomfuata, walioacha kadi za kijani, wengine wakapoteza vyeo na wengine wakalala rumande kwa ajili ya safari aliyoiita ya matumaini, walipata sentensi chache tu. Frederick Sumaye, ambaye naye aliwahi kuwa Waziri Mkuu na akahamia upinzani mwaka uleule wa 2015, naye alikuja kurudi. Aliyebaki njia panda ni mwananchi wa kawaida, ambaye hana Ikulu ya kwenda kunywa chai.

Ninapowasikia vijana wanaotaka uongozi wakisema wanataka kuwa na maamuzi magumu kama ya Lowassa, nawaomba wachukue na ile sehemu aliyoikosa. Waziri akiamua kuvunja mkataba, atuambie tunapoteza nini. Mkuu wa mkoa akichangisha matofali, aseme walimu watatoka wapi na lini. Anayejiuzulu abaki jukwaani saa moja zaidi, ajibu maswali, ataje kilichomponyoka na aliyemwagiza, kisha ndiyo aende nyumbani. Na Bunge lisiikubali barua kama mwisho wa shauri. Kamati Teule ya 2008 ilikuwa na wabunge watano tu, na ilitikisa Serikali nzima. Ingeitwa irudi mwezi uliofuata, imwite na Lowassa aliyekuwa akilalamika kwamba hakuhojiwa, pengine tungejua mengi. Mwenyewe aliomba kusikilizwa. Tulimnyima hilo, naye akatunyima mengine kwa miaka 16 iliyobaki.

Februari 17, 2024 alizikwa kijijini kwao Ngarash, Monduli, Rais Samia akiwapo, viongozi wa chama tawala na wa upinzani wakiwa wamekaa pamoja chini ya mahema. Yaliyojiri mwaka 2006, nani alimpigia nani simu na nani alimwambia nani asaini, hayakusemwa siku ile, na msibani si mahali pake. Mahali pake palikuwa Dodoma, siku alipokuwa amesimama na kipaza sauti kikiwa wazi.